Jinsi ya kuanza darts ya kulipwa ukiwa Lamu au Malindi

Tangu David Munyua amtoe Mike De Decker pale Alexandra Palace London, Desemba 2025, vijana wananiuliza sana naanzaje na mimi darts, huu mchezo wa kurusha vishale kwenye bodi. Na wana haki ya kuuliza, manake jamaa ni daktari wa mifugo, Mkenya wa kwanza kabisa kucheza ubingwa wa dunia wa PDC, yaani shirika la darts ya kulipwa, amekutana na De Decker, bingwa wa World Grand Prix ya darts ya 2024, akawa nyuma seti 2-0 alafu akarudi akashinda 3-2. Raundi iliyofuata alitolewa, sawa, lakini kuingia aliingia kwa mchujo wa Afrika, hakuhitaji kwanza kuhamia Uingereza. Kwaiyo njia ipo. Ninachotaka mkijue kabla hamjatoa shilingi ni kwamba njia hii ni ya hesabu, hesabu ya bodi na hesabu ya mfuko, mkono mzuri peke yake hautakufikisha popote.

Tuanze na bodi. Usinunue ya karatasi ya kubana wala ya sumaku, tafuta ya makonge, yaani nyuzi za katani zilizobanwa pamoja, ukichomoa kishale tundu linajifunga lenyewe. Yale mashamba ya makonge unayoyapita Vipingo ukienda Mombasa ndio mmea wenyewe, na nyuzi za Afrika Mashariki zinasifiwa kwa bodi dunia nzima, hiki si kitu kigeni kwetu hata kidogo. Angalia waya ziwe nyembamba na zisiwe na pini pini za kushikilia, kishale kikigonga pini kinakurudia miguuni.

Vipimo havina mjadala. Katikati ya buli, yaani kile kiduara cha katikati ya bodi, mpaka sakafuni mita 1.73. Kutoka uso wa bodi mpaka mstari wa kusimamia mita 2.37, na nasema uso wa bodi sio ukuta, manake bodi ina unene na ubao wa nyuma una unene wake, ukipima kutoka ukutani utakuwa unatupa karibu kuliko wenzako na siku ya mashindano vishale vyote vinashuka chini. Ukitaka kuhakikisha, pima mshazari kutoka katikati ya buli mpaka mstarini, inatakiwa itoke mita 2.93. Na sakafu zetu za zamani haziko sawa, zina mabonde, kwaiyo urefu wa 1.73 upime kwa usawa wa pale unaposimama wewe, sio chini ya bodi.

Kwa wale wa mji wa kale wa Lamu kuna mambo mawili. La kwanza, vyumba vyetu upana wake unafuata urefu wa boriti ya mkoko, ni vyembamba, ukitoa 2.37 huna tena pa kusimama, kwaiyo bodi iwe upande wa mwisho wa chumba utupe kwa urefu. La pili, ukuta wa mawe na chokaa haupendi misumari, unapigilia mmoja inabomoka plasta ya kiganja kizima, alafu msumari wenyewe unalegea ndani ya wiki na bodi inacheza. Mwambie fundi akutengenezee fremu ya mbao mbili za kusimama zenye miguu, bodi ifungwe kwenye fremu, nyuma yake uweke ubao mpana au kipande cha godoro gumu kushika vishale vinavyokosa. Na tafadhali sana usitundike bodi kwenye mlango wa nakshi wa babu yako, nimeona mtu anafanya hivyo, ni dhambi.

Hewa ya bahari nayo ni adui. Ncha za chuma zinashika kutu haraka huku pwani, na ncha yenye kutu inachana nyuzi kila ikitoka. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, msasa laini mara moja moja, ziwe na ncha lakini zisiwe kali kama sindano. Bodi usiilowanishe kabisa, kuna watu wanadhani maji yanaifungua, yanaivimbisha na kuiua. Pete ya namba inatoka, izungushe kila baada ya muda ili sehemu ya 20 isiliwe peke yake.

Vishale, wengi wanatumia kati ya gramu 18 na 26, sheria inaruhusu mpaka 50 lakini hakuna mtu wa maana anafika huko. Vya shaba ni rahisi ila bareli ni nene, vya tangsteni ni vyembamba na vitatu vinaingia kwenye trebo moja, ile pete nyembamba ya ndani inayozidisha namba mara tatu, bila kugombana. Trebo yenyewe upana wake ni milimita 8 tu, kwaiyo unene wa bareli ni jambo kubwa. Kama una pesa ya kitu kimoja kizuri, iweke kwenye vishale, ukichagua uzito baki nao, usibadilishe kila ukipoteza mechi.

Kurusha sitaandika mengi manake miili haifanani. Ukitumia mkono wa kulia mguu wa kulia uwe mbele, uzito uuegemee, mwili utulie kabisa, kinachotembea ni mkono kuanzia kwenye kiwiko. Kiwiko kiinuke kidogo ukiachia, na mkono umalizie mbele vidole vikielekea ulipolenga, wale wanaorudisha mkono haraka ndio vishale vyao vinadondoka kwenye 5 na 1. Jirekodi na simu kwa pembeni. Kama vishale vyako vinatawanyika kulia na kushoto tatizo liko kwenye kiwiko au mguu, kama vinatawanyika juu na chini tatizo liko kwenye muda wa kuachia. Na fanya mazoezi umevaa viatu. Huku tumezoea peku au ndara, lakini kwenye mashindano ya PDC jinzi haziruhusiwi, unavaa suruali ya heshima na viatu, na kisigino cha kiatu kinakupandisha, pembe yote inabadilika.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, hapa ndio nataka mtulie.

Mchezo wa kulipwa ni 501, unashuka mpaka sifuri na kishale cha mwisho lazima kiwe dabo, yaani pete ya nje inayozidisha namba mara mbili, au buli ya katikati. Vijana wote wanalenga 20 kwa sababu trebo yake ni 60 na tatu ni 180. Lakini tazama jirani za 20, upande huu 5 upande huu 1. Ukiwa bado unatawanya, vishale vitatu vinakupa 20, 5 na 1, jumla 26, na ukikaa hapo mwaka mzima hutatoka. Ukilenga 19 jirani zake ni 7 na 3, jumla 29. Ukienda kushoto ya bodi kwenye 14 jirani zake ni 11 na 9, jumla 34. Kwaiyo mwanafunzi anayejitambua anacheza 14 au 19 mpaka mkono ukae, alafu ndio anahamia 20. Sio aibu, ni akili.

Dabo nayo ina hesabu yake. Kwa nini wakubwa wanapenda kubakisha 32? Manake dabo 16 ukikosa ukaingia 16 ya kawaida unabaki na 16, ambayo ni dabo 8. Ukikosa tena kwa ndani unabaki 8, dabo 4, alafu dabo 2, alafu dabo 1. Kila ukikosea kwa ndani bado una dabo mbele yako. Sasa chukua mtu aliyebakisha 38, anataka dabo 19, akiingia ndani anabaki na 19, hiyo haigawanyiki, lazima apoteze kishale kurekebisha. Hata 40 ambayo watu wanaipenda inaenda 20, 10, alafu 5, imekwama.

Hebu fuata legi moja, yaani mchezo mmoja wa 501, uone. Unaanza 501, unapiga 100, zimebaki 401. Unapiga 85, zimebaki 316. 140, zimebaki 176. Unapiga 96, zimebaki 80. Hapo hutakiwi kusimama kuhesabu, unatakiwa ujue tayari kwamba 80 ni trebo 20 na dabo 10. Kishale cha kwanza kimeingia 20 ya kawaida? Zimebaki 60, basi 20 nyingine na dabo 20. Yote hiyo mkono hauteremki, jicho halitoki kwenye bodi. Kumaliza kukubwa kabisa ni 170, trebo 20 mbili na buli, na kuna namba kama 169, 168, 166, 165, 163, 162 na 159 ambazo hazimaliziki kwa vishale vitatu, hizo zijue ili usijipeleke huko. Wazee wetu wa dhumna barazani wanahesabu mawe yaliyobaki mkononi mwa kila mtu huku wanapiga soga, kaa nao, hiyo ndio aina ya akili unayoitaka.

Pima avareji yako, usidanganywe na 180 moja uliyopiga mbele ya marafiki. Chukua 501 gawanya kwa vishale ulivyotumia kumaliza, zidisha kwa 3. Vishale 30 ni avareji ya 50.1. Vishale 24 ni 62.6. Vishale 18 ni 83.5. Vishale 15 ni 100.2, na wale unaowaona kwenye TV wanazunguka kati ya 90 na 100 siku nyingi, mtu kama Michael van Gerwen mwaka 2016 alifika 123.40 kwenye mechi moja ya Premier League ya darts. Programu za bure kama n01 ya Nakka au DartCounter zinakuhesabia. Andika avareji ya kila siku, sio ya siku nzuri peke yake, na ukiwa chini ya 60 usiwaze ndege, ukiwa kwenye 70 anza kusafiri ndani ya Kenya, ukishikilia 85 kwenda juu wiki baada ya wiki, tena na mpinzani mbele yako, ndio uanze kuongea habari za Ulaya. Hiyo ni hukumu yangu na siiondoi.

Zoezi la dabo nawashauri Bob's 27, limetoka kwa Bob Anderson bingwa wa dunia wa 1988. Unaanza na pointi 27. Unatupa vishale vitatu dabo 1, kila kinachoingia unaongeza thamani ya dabo, yaani 2. Ukikosa vyote vitatu unatoa 2. Alafu dabo 2 kwa 4, dabo 3 kwa 6, mpaka dabo 20 na kumalizia buli. Pointi zikishuka chini ya 1 mchezo umeisha, unaanza upya. Ni zoezi chungu, utafia kwenye dabo 5 au 6 siku za mwanzo, lakini linakufundisha kutupa kishale cha tatu ukiwa na uoga tumboni, na mechi yenyewe ndivyo ilivyo. Saa moja kila siku, nusu yake dabo, kuliko saa tano Jumapili. Na usijifungie chumbani kimya kimya, tupa wakati punda wanalia kichochoroni na watoto wametoka madrasa wanapiga kelele, kule Alexandra Palace watu maelfu wanaimba usoni kwako.

Wapi pa kuchezea ndio shida ya wengi. Malindi bodi nyingi ziko kwenye baa, Lamu baa ni chache na wengi wetu hatuingii. Darts haihitaji pombe hata chembe, kwenye jukwaa la kulipwa kunywa ni marufuku tangu zamani. Watu watano wakichanga wananunua bodi, taa na fremu, mnaweka kwenye ukumbi wa klabu ya mpira au duka lililofungwa, mnacheza baada ya isha. Msimu wa masika Aprili mpaka Juni, hoteli nyingi zikifungwa na boti za watalii zimepumzika, ndio wakati wa kufanya mazoezi mazito. Mpinzani ukimkosa cheza mtandaoni, unaweka simu moja inaangalia bodi, mwenzako yuko Nairobi, bando lako tu.

Na dada zangu msikae pembeni. Mchezo huu hauulizi kifua wala urefu. Fallon Sherrock Desemba 2019 alimtoa Ted Evetts pale pale kwenye ubingwa wa dunia, mwanamke wa kwanza kushinda mechi hapo, alafu akamtoa na Mensur Suljović. Beau Greaves mwaka 2025 alimshinda Luke Littler, bingwa wa dunia, kwenye nusu fainali ya ubingwa wa dunia wa vijana. Bodi inakaa uani, huhitaji ruhusa ya kwenda kokote kuanza. PDC wana Women's Series ya wanawake, na milango ya mashindano mengine wako huru kuingia.

Kupanda ngazi kunaenda hivi. Jiunge na klabu iliyo chini ya chama cha taifa, mashindano makubwa ya ndani mengi yako Nairobi na huko ndiko unapojulikana. Kutoka hapo kuna mashindano ya Afrika na ule mchujo wa African Darts Group ambao mshindi anapata nafasi ya ubingwa wa dunia, hiyo ndio njia fupi kwa Mwafrika anayeishi kwao. Devon Petersen wa Afrika Kusini alienda mbali zaidi, mwaka 2020 alishinda German Darts Championship, akawa Mwafrika wa kwanza kuchukua taji la viwango la PDC.

Njia ndefu ni Q-School, mchujo wa PDC, kila Januari, Uingereza na Ujerumani, kuanzia miaka 16. Mamia wanaingia, wachache wanatoka na Tour Card, yaani kadi ya kucheza mashindano ya kulipwa ya PDC. Kadi ni za watu 128 peke yao, inadumu miaka miwili, na kipindi kikiisha wale 64 wa juu kwa pesa walizoshinda ndio wanabaki salama. Yaani cheo chako ni jumla ya pesa ulizoshinda ndani ya miaka miwili, za zamani zinadondoka mpya zinaingia, ukishinda kubwa leo baada ya miaka miwili inakutoka na unatakiwa uijaze. Vijana wa 16 mpaka 24 wana mashindano yao, Development Tour, na Littler alipita ngazi za vijana kabla hajafika fainali ya dunia akiwa na miaka 16 na kuichukua ya 2025 akiwa na 17.

Pesa ipo, tusidanganyane. Ubingwa wa dunia wa 2026 wachezaji waliongezwa wakawa 128, bingwa pauni milioni moja, na hata aliyetolewa raundi ya kwanza alipewa pauni 15,000. Lakini wikendi nyingi za mwaka ni mashindano ya ukumbini bila mashabiki, hoteli yako, nauli yako, ukipoteza asubuhi umeshalipia siku nzima. Phil Taylor aliyeshinda ubingwa wa dunia mara 16 alikuwa kiwandani akitengeneza vishikio vya udongo vya vyooni, na alitoka pale kwa sababu Eric Bristow, bingwa wa dunia kabla yake, alimkopesha pauni 10,000. Usiache kazi. Kama wewe ni nahodha, mwalimu, fundi wa nakshi, baki na kazi yako mpaka darts ilipe nauli ya darts, Munyua mwenyewe ni daktari bado. Ukitafuta mfadhili usiende na maneno, nenda na karatasi ya avareji za miezi, video za mechi nzima, na bajeti: basi kutoka Mokowe, ndege, viza, malazi, ada. Mwenye hoteli wa Shela au Malindi anaelewa lugha hiyo, jina lake litakaa kifuani kwa shati lako.

Jambo la mwisho na naliweka kwa uzito, miraa. Huku kwetu mtu anatafuna jioni anaona si kitu. Ndani ya miraa kuna kathini, na kathini iko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano ikizidi kiwango, na Uingereza miraa yenyewe ni haramu kisheria tangu 2014, usiguse kabisa wiki za safari na hata mfuko wa jaketi uukague kabla ya kupanda ndege. Dawa za presha za kundi la beta bloka, mfano atenololi au propranololi, nazo zimekatazwa kwenye darts manake zinatuliza mkono. Kama daktari kakuandikia, usiache kumeza, omba kibali cha matibabu mapema na barua ya daktari iwe tayari. Kubeti kwenye darts ukiwa mchezaji ni marufuku, hata mechi ya mtu mwingine, hata shilingi hamsini kwenye simu, futa hizo programu kabla hujasaini fomu. Na pasipoti ishughulikie sasa hivi ukiwa bado na avareji ya 60, manake viza ya Uingereza na ya Ujerumani ni mbili tofauti, kila moja na foleni yake Nairobi, na Januari haikusubiri.